Kibodi ya Taa na Lile Dume Jekundu

Siku hizi nikikatiza Kolandoto watoto wa shule hawaniiti tena fundi, wananiita Dume Jekundu, na mama zao wanajifanya kuwakemea huku wamegeuza nyuso pembeni ili wacheke vizuri. Naona aibu, sikatai. Ila kwa kuwa kila mtu anausimulia mkasa huu anavyotaka yeye (wapo wanaosema nililia mbele za watu, si kweli, lile lilikuwa jasho), nimeona niusimulie mwenyewe, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mimi ni Shija, nina kibanda cha steshenari upande wa barabara iendayo hospitali, natoa kopi, napiga chapa barua, na kompyuta za watu zikiugua wananiletea mimi. Laptopu yangu ya kazi ni ya zamani. Nilichoka na virusi vya flashi za wateja nikaifuta, nikaiwekea mfumo wa Linux, na tangu siku hiyo haijawahi kuumwa hata mafua, isipokuwa siku moja niliimwagia uji wa moto na vitufe vyake vyote vikafa, pamoja na ile sehemu ya kuburuzia kidole. Basi nikawa nachomeka kibodi ya nje, nyeusi, nzito, herufi zake zimefutika kwa kubonyezwa, ukitaka A lazima ukandamize kama unayeua kunguni, lakini haikuwahi kuniangusha. Kumbukeni hilo, kwamba ile kibodi haikuwahi kuniangusha.

Sasa, kuna Ester. Ester binti Mabula anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, na kila Alhamisi alikuwa anakuja kibandani kuprinti maneno ya nyimbo, anakaa kwenye benchi langu, ananichekea, ananiuliza kwa nini kompyuta yangu haifanani na za wengine, na mimi namweleza mpaka karatasi zinaisha kwenye mashine. Sikuwahi kumwambia neno. Nilijua anajua, na nilijua nitasema, tatizo lilikuwa ni lini tu. Kwetu hapa mambo hayo yana taratibu zake, unamtafuta mshenga, mshenga anakwenda, wazee wanakaa, ng'ombe wanatajwa, na wewe mwenyewe unabaki nyumbani unang'ata kucha. Nikajiambia, bado kuna muda.

Halafu akaja Deo.

Deo anafanya kazi ya kompyuta kule Bugarama, mgodini, ni rafiki wa mchumba wa Rahel, dada yake Ester, na kwa sababu hiyo aliingizwa kwenye kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Rahel kabla ya harusi. Mimi pia nilikuwa kwenye kamati, nimepewa kazi ya picha na projekta. Huyo bwana alikuwa anakuja vikaoni na kile kizibao cha mgodini chenye mistari ya kung'aa, kama vile pale sebuleni kwa Mzee Mabula kuna magari ya mawe yanapita na anaogopa kugongwa. Na buti. Mama Rahel akimwona tu anatoa kiti cha plastiki kipya, anakifuta kwa kanga. Mimi niliyezaliwa hapa hapa nikifika naambiwa, "Shija, jisogezee hicho kigoda, baba," kigoda chenyewe mguu mmoja mfupi. Nilikuwa nakaa kwenye kikao kizima nimekaza paja moja nisipinduke, huku Deo anachekesha watu, na Ester anacheka mpaka anashika ubavu. Kicheko kile nilikuwa nakijua, kilikuwa cha Alhamisi, cha benchi langu. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa sato, nikimeza unauma, nikikohoa unauma.

Siku moja Deo akatoa begini (begi lake lenyewe sijui lina nini) kibodi inayowaka taa. Kila kitufe kinawaka, kijani, zambarau, bluu, na ukibonyeza inalia ta-ta-ta kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ester akaishika, akaigeuzageuza, halafu akanitazama mimi na kusema kwa moyo mweupe kabisa, "Jamani inapendeza! Shija, na wewe si ununue kama hii?"

Pale ndipo nilipokwisha. Kesho yake nilifunga kibanda, nikaenda Shinyanga mjini, nikazunguka maduka ya vifaa mpaka nikaipata ya kufanana nayo, tena yangu ilikuwa na rangi moja zaidi, nyekundu. Ningekuwa na akili ningeiweka kibandani iwe pambo. Lakini niliamua kwamba Jumamosi ya sendofu, mbele ya ukumbi mzima, Ester ataniona mimi nimekaa nyuma ya kibodi inayowaka, na Deo amekaa huko mezani kwake na kizibao. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo tu.

Asubuhi ya Jumamosi nikaichomeka. Herufi zilikubali zote, ila vile vitufe vya juu, F1 mpaka F12, vilikuwa na mambo yao. Nikibonyeza F5, ambayo ndiyo inaanzisha slaidi, rangi za taa zinabadilika. F12 inaongeza sauti. Nikachimba mtandaoni nikaelewa: kibodi hizi ni za kuiga, na zikifika kwenye Linux zinajitambulisha kama kibodi za kampuni nyingine kubwa, kwa hiyo mashine inazipa draiva ya kampuni ile (draiva si wa basi, ni kiprogramu kinachoitafsiria mashine kibodi inasema nini). Na draiva hiyo ina desturi yake: vitufe vya juu kwanza ni vya taa na muziki, F baadaye. Dawa yake ni faili dogo linaloitwa fnmode, ndani yake mna namba, unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika namba mbili, basi. Nikaandika. Nikabonyeza F5, slaidi zikaanza, Rahel akiwa mchanga anaogeshwa kwenye beseni. Nikapiga kofi mwenyewe.

Pale nilipokuwa nimesoma, chini yake kulikuwa na maelezo mengine kwamba ukiandika hivyo inadumu mpaka mashine izimwe, ukitaka ikae moja kwa moja uandike kwenye faili lingine. Niliyaona. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nivae shati gani.

Tena Deo alipita. Alikuwa anapeleka maturubai ukumbini, akachungulia, akaiona kibodi, akatabasamu (lile tabasamu lake), akasema, "Ndugu yangu, hongera! Hiyo inasumbua kwenye F, umeshaiweka kwenye faili la kudumu? Maana ile ya haraka ukizima tu inasahau."

"Nimeshamaliza zamani," nikamjibu.

"Haya. Na umeme je? Betri yako si imekufa? Nina inveta kwenye gari, nikuletee."

"Deo, mimi nimeanza kutengeneza kompyuta wewe hujaijua Shinyanga."

Akanyanyua mikono, akaondoka. Nami kwa kuthibitisha utaalamu wangu nikaacha hata kipanya kibandani, kwa kuwa niliwahi kumsikia yeye mwenyewe akimwambia Ester kwamba mtaalamu wa kweli hashiki kipanya, mikono yake haitoki kwenye kibodi.

Lipo jambo moja nililiruka, na ndilo lililonimaliza. Asubuhi ile ile, nikiwa peke yangu, nilijirekodi. Nilikuwa nimeazimia kwamba baada ya sendofu, Ester akiwa na furaha, nitamwambia, sasa nilitaka kusikia sauti yangu inakuwaje nikisema maneno hayo. Nilianza vizuri. Lakini ulimi nao ukateleza kwenda kwa Deo, na ukifika kwa Deo haurudi. Nikayasema yote. Nikairudia kuisikiliza kwenye programu ya muziki, ilipofika katikati akaja mteja wa kopi, nikaisimamisha hapo hapo. Programu hiyo nimeiweka ijifungue yenyewe kila mashine inapowaka, kwa ajili ya nyimbo za kibandani, na ina tabia ya kukumbuka ulipoishia.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mzee Mabula kakaa mbele na suti ya kijivu, baba yangu mwenyewe kaja kutoka Didia na baiskeli, kakaa na wazee wenzake, Mama Rahel kanga mpya. Ester alikuwa na gauni la njano na alipopita mezani kwangu akaona taa zinawaka, akasema, "Heee, Shija! Umenunua kweli!" Akagusa kitufe kimoja kwa kidole. Nawaambia, kwa muda ule mfupi Deo hakuwepo duniani.

Kisha umeme ukakatika. Si kwa muda mrefu, watu walikuwa bado hawajamaliza kuguna ukarudi, lakini laptopu yangu isiyo na betri ilikuwa imezimika fo! Ikawaka upya. Mimi roho kwatu, kwa sababu picha ziko palepale. Nikazifungua, na MC, mtu wa Kahama mwenye maneno, akatangaza, "Sasa wapendwa, tulizeni macho mbele, mtaalamu wetu Shija anatuonyesha bibi harusi wetu alikotoka!"

Nikanyoosha kidole kwa madaha, nikabonyeza F5.

Kibodi ikawa ya bluu.

Nikabonyeza tena. Ikawa ya kijani. Tena, zambarau. "Naona mtaalamu anatuwashia disko kwanza!" MC akasema, ukumbi ukacheka, na mimi nikatazama kule alikokaa Deo nikamwona anatingisha kichwa taratibu, anajua, anajua kabisa nini kimetokea, na ananionyesha kwa mkono kwamba nimngoje, anakuja. Hapo ningetulia. Lakini ningemngojaje Deo mbele ya Ester? Nikaanza kubonyeza vya jirani, F6, F7, F8.

Spika za kanisa zikakohoa, halafu ikatoka sauti yangu.

"...kwa sababu huyo Deo wako, Ester, ni kuku wa kizungu. Manyoya yanang'aa, mchuzi hamna."

Mwanzoni watu walidhani ni kichekesho cha sherehe, wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nikabonyeza F12 nikidhani inazima. F12 inaongeza sauti.

"BUTI ZA MGODINI MPAKA SEBULENI! NA MAMA YAKO ANAMFUTIA KITI, MIMI ANANIPA KIGODA CHA MGUU MBOVU, KWANI MIMI NI MBUZI?"

Nikaona Mama Rahel anageuka taratibu. Nikafunga laptopu. Ikaendelea kusema ikiwa imefungwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeipangia isizimike ikifunikwa, kwa vile natumia kibodi ya nje. Nikachomoa kibodi yenyewe, na hapo ndipo nilipojikata mkono wa mwisho, maana sasa hapakuwa na kitufe hata kimoja hai cha kuinyamazisha, na waya wa umeme sikuukumbuka kabisa. Nilibaki nimeshika kibodi imening'inia, taa zimezimika, na sauti yangu inanguruma juu ya vichwa vya watu.

"KAMA NI NG'OMBE, ESTER, BABA YANGU ANA ZIZI DIDIA. WOTE WATAINGIA KWENU. LILE DUME JEKUNDU LENYE PEMBE MOJA, NA YALE MAJIKE YA MABAKA, WOTE WETU WALE. DEO ATALETA NINI, KIZIBAO?"

Kwa mtu asiyejua ya kwetu lazima nifafanue kidogo. Wafugaji wa huku hawaweki ng'ombe wote sehemu moja. Mtu anagawa, wengine anawapeleka kwa rafiki yake wa kijiji kingine awalishie, anywe maziwa, na jambo hilo linabaki baina ya hao wawili, kwa sababu mwenye mali hapendi majirani wajue ana wangapi na wako wapi. Zizi la baba lilikuwa na wa kwetu na wa watu. Nilijua hivyo. Nilichokuwa sijui ni yupi wa nani, na nilipokuwa najirekodi niliona huo ni uchambuzi usio na haraka.

Deo alikuwa ameshafika. Akanipokonya kibodi polepole, akaichomeka, akabonyeza F8 mara moja. Mzee Mabula akasimama, akafunga kifungo cha koti, hakuhitaji hata maiki.

"Bebe, wewe Shija," akasema. "Lile dume jekundu, pembe yake ilivunjikia wapi?"

Nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

"Ilivunjikia kwenye lango la zizi langu, kabla sijalipeleka kwa baba yako anilishie. Na yale majike ya mabaka, ni mama zake na dada zake. Sasa niambie, ng'wanawane, mwanangu, unataka kumuoa binti yangu kwa ng'ombe wangu mimi?"

Jamani, watu walicheka. Walicheka mpaka bibi mmoja akatolewa nje kupepewa. MC alikaa chini. Rahel, bibi harusi mwenyewe, wanja ulimchuruzika, na mchumba wake alikuwa amelala juu ya meza. Mtu mmoja tu hakucheka, baba yangu. Alikuwa ameinamia kofia yake, kwa sababu siri ya watu aliyoitunza miaka yote mwanawe ameitangaza kwa spika. (Jumatatu yake wenye ng'ombe wengine nao walifika Didia mmoja mmoja, kila mtu anasema amekuja kusalimia tu, na kila mtu akaondoka na wa kwake. Zizi likabaki na majike machache na ndama anayekohoa. Baba hakunisemesha kwa muda mrefu, na aliponisemesha aliniambia, "Hao sasa ndio wako, waringie.")

Deo alikaa kwenye kiti changu, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja kwenye faili la kudumu, akawasha mashine upya, akabonyeza F5. Rahel kwenye beseni. Ukumbi ukashangilia. Niliuona mkono wake kwenye kibodi yangu, taa zinamuwakia yeye, na pamoja na aibu yote ile, naapa, kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anapendeza.

Nilitoroka nikaenda nyuma ya ukumbi kwenye masufuria. Ester akanikuta huko, ameshika sinia la sahani. Nilitegemea matusi. Akaniangalia tu.

"Maneno yote hayo umeiambia kompyuta," akasema. "Mimi uliniambia lini?"

"Nilikuwa nangoja..."

"Alhamisi ngapi nimekaa kwenye benchi lako, Shija? Ulidhani napenda harufu ya wino?"

Nikamuuliza kitu cha kijinga kuliko vyote, nikamuuliza, "Na Deo?" Akashusha pumzi, akasema Deo ni mcheshi, basi, mtu akichekesha si tunacheka? Kabla sijaongeza kosa lingine, Mzee Mabula akatokea na mfupa wa nyama mkononi, Deo nyuma yake. Nikainama, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia unamtaka huyu. Kijiji kizima kimesikia. Mimi sikatai kijana kwa sababu ya mdomo. Lakini utaleta mshenga, kama wenzako." Akang'wafua nyama, akatafuna bila haraka. "Na mshenga wako atakuwa huyu kuku wa kizungu. Akija mwingine sifungui mlango."

Nikamtazama Deo nikitegemea atakataa. Akasema, "Mimi niko tayari, mzee. Kwa heshima." Na lile tabasamu.

Basi hivyo ndivyo nilivyo sasa. Nimerudi kwenye kibodi yangu nyeusi inayokandamizwa A, ile ya taa nimemwachia Deo, na nimeapa sitachomeka tena kitu kwa sababu ya kijicho, sitapuuza maelezo yaliyoandikwa chini, na neno la mtu nitampa mwenyewe, si mashine. Ester haji tena Alhamisi, maana si desturi binti kukaa kwenye benchi la anayemposa wakati wazee wanazungumza. Na mimi siruhusiwi kukanyaga kwao. Anayekwenda ni Deo. Anakwenda na kizibao chake, anafutiwa kiti cha plastiki, na mimi nipo kibandani naangalia barabara.

Jana alirudi jua linazama. Nikamkimbilia, nikamuuliza wamesemaje. Akajilamba kidole gumba, akasema mazungumzo ni mazuri sana, yamebaki mambo madogo madogo, itabidi arudi Jumapili.

"Mambo gani?" nikauliza.

"Madogo," akasema. "Ester amesema safari hii atatupikia michembe, vile viazi vikavu, kwa karanga."